Nyeupe Tano Mjini Tokyo: Maonyesho ya Wachoraji wa Korea ya 1975 na Mgogoro wa Kuutaja Uzuri wa Taifa

Mnamo mwezi wa Mei 1975, Tokyo Gallery, nyumba ya sanaa iliyoanzishwa na Yamamoto Takashi mwaka 1950 katika mtaa wa Ginza, ilifungua maonyesho ya wachoraji watano kutoka Korea Kusini: Kwon Young-woo, Park Seo-bo, Suh Seung-won, Hur Hwang na Lee Dong-youb. Hayakuwa maonyesho ya kwanza ya sanaa ya kisasa ya Korea katika nchi ya kigeni, wala hayakuandaliwa na jumba la makumbusho la taifa; Tokyo Gallery ilikuwa nyumba ya biashara. Hata hivyo, aghalabu wanahistoria wa sanaa ya Korea huyatazama kama kitovu cha mjadala ambao haujakoma hadi leo. Sababu yake haimo katika picha peke yake. Imo katika neno moja lililotiwa kwenye anwani, na katika historia ya watu waliokuwa wamekwisha kulitolea neno hilo maana kabla wachoraji hao hawajashika brashi.

Anwani yenyewe yastahili kusomwa kwa makini kabla ya picha, kama vile msomaji wa utenzi asivyoweza kuuruka utangulizi wake. Ilisema, kwa ufupi, kwamba hapa pana Korea, wachoraji watano na nyeupe tano. Lakini neno lililotumiwa kwa "nyeupe" halikuwa la Kijapani. Lilikuwa neno la Kikorea, hinsek, lililoandikwa kwa katakana, yaani herufi ambazo Wajapani huzitumia kuandikia maneno ya kigeni. Na baada yake, ndani ya mabano, ikawekwa alama ya Kichina yenye maana ya weupe. Waandalizi wangaliweza kuitumia alama hiyo peke yake. Mjapani angaliisoma kwa lugha yake, Mkorea kwa yake, na hapana ambaye angalijikwaa. Badala yake, msomaji wa Tokyo alilazimishwa kwanza kulitamka neno la Kikorea, kuusikia ugeni wake kinywani mwake mwenyewe, ndipo apewe fasiri. Hii ni mbinu ambayo mwanafunzi wa ushairi huitambua mara moja: neno geni huachwa geni kwa makusudi, ili msomaji asidhani kwamba kitu kinachotajwa ni kile kile alichokwisha kukijua.

Uzito wa mbinu hiyo hauwezi kupimwa bila kurejelea muktadha wake wa kihistoria. Japani iliitwaa Korea mwaka 1910 na kuitawala hadi 1945. Mwaka 1938 Kikorea kiliacha kuwa somo la lazima shuleni. Mwaka 1940 ilianza kutekelezwa amri ya kuwafanya Wakorea wajiandikishe kwa majina ya mtindo wa Kijapani. Na mwaka 1942 wanachama wa Jumuiya ya Lugha ya Kikorea, waliokuwa wakitunga kamusi, walianza kukamatwa na kufungwa. Kamusi ilikuwa ushahidi wa hatia. Kwa hiyo neno la Kikorea kuwekwa wazi katika anwani ya maonyesho mjini Tokyo, miaka 33 baada ya kukamatwa kwa watunga kamusi hao, si pambo. Ifahamike pia kwamba wachoraji wenyewe hawakuwa na kumbukumbu moja ya miaka hiyo. Kwon, aliyezaliwa 1926, alikuwa kijana wa umri wa miaka kumi na tisa hivi wakati utawala wa Kijapani ulipoanguka. Park, wa 1931, alikuwa mtoto wa shule. Suh alikuwa mdogo mno. Hur na Lee walizaliwa 1946, mwaka mmoja baada ya ukombozi. Kuwaita watano hao sauti moja ya taifa ni jambo linalohitaji ushahidi zaidi ya rangi.

Tatizo ni kwamba weupe wa Wakorea ulikuwa umekwisha kupewa mfasiri, naye alikuwa Mjapani. Yanagi Muneyoshi (1889–1961), mwanafalsafa na mpenzi wa sanaa za wananchi, aliitembelea Korea kwa mara ya kwanza mwaka 1916. Baada ya maandamano ya kudai uhuru ya Machi 1919 kuzimwa kwa umwagaji wa damu, aliandika gazetini akiwahurumia Wakorea, tendo lililohitaji ujasiri. Mwaka 1922 alipinga hadharani mpango wa kulibomoa lango la Gwanghwamun mjini Seoul, na katika mwaka uo huo kitabu chake kuhusu Korea na sanaa yake kikachapishwa. Mwaka 1924 alianzisha makumbusho ya sanaa za wananchi wa Korea katika uwanja wa kasri la kifalme la Gyeongbokgung. Ni muhali kumweka mtu huyu katika kundi la maafisa wa kikoloni.

Hata hivyo, nadharia yake ilikuwa na mtego ndani yake. Yanagi aliigawanya sanaa ya Asia Mashariki kwa sifa: China ilipewa umbo, Japani rangi, na Korea mstari. Mstari mrefu uliopinda wa vyombo vya Kikorea aliusoma kama ishara ya huzuni na shauku isiyotimizwa. Ukosefu wa rangi, pamoja na mavazi meupe waliyovaa Wakorea wengi, aliusoma kama maombolezo ya taifa lililoteswa na historia. Uzuri wa Korea ukawa uzuri wa majonzi. Mhakiki wa fasihi anaweza kuiona hapa kasoro ya kimantiki ambayo si ya Yanagi peke yake: hali iliyoletwa na utawala inageuzwa kuwa tabia ya mtawaliwa. Anayelia kwa sababu amepigwa huambiwa kwamba kulia ndiko kipaji chake.

Katika miaka ya 1970 wasomi wa Korea, miongoni mwao mshairi Choi Ha-rim, walimshambulia Yanagi kwa hoja za aina hii, wakiona katika "uzuri wa huzuni" mkabala wa kikoloni uliowafanya Wakorea waonekane watu wa kuonewa huruma tu, wasiotenda lolote. Hukumu hiyo ina haki yake, ingawa serikali ya Korea Kusini iliona vinginevyo na kumtunukia Yanagi nishani ya utamaduni mwaka 1984, miaka mingi baada ya kifo chake.

Na mavazi meupe yenyewe yalikuwa na historia ambayo nadharia ya majonzi haiwezi kuibeba. Wakorea walijiita watu wa nguo nyeupe. Katika miaka ya 1920 na 1930 utawala wa Kijapani uliendesha kampeni ya kuwataka wavae nguo za rangi, ukidai kwamba nyeupe huchafuka upesi na kuwapotezea wanawake muda mwingi wa kufua na kupiga pasi. Wako maafisa waliofika hadi kuwarushia watu rangi sokoni ili nguo zao zisifae tena. Kwa mintarafu ya historia hii, vazi jeupe lilikuwa ni shauri la ukaidi vile vile, na pengine zaidi ya kuwa shauri la kilio. Yanagi aliona kitambaa. Hakuona mkono uliokataa kukipaka rangi.

Hapo ndipo maonyesho ya 1975 yanapopata ugumu wake. Baada ya Japani na Korea Kusini kurejesha uhusiano wa kibalozi mwaka 1965, njia ya wasanii kuvuka bahari ilifunguka. Mwaka 1968 jumba la taifa la sanaa ya kisasa mjini Tokyo liliandaa maonyesho ya uchoraji wa Korea ya wakati huo. Miongoni mwa walioshiriki alikuwemo Lee Ufan, Mkorea aliyezaliwa 1936, aliyehamia Japani mwaka 1956, akasomea falsafa huko na baadaye kuwa mwananadharia mkuu wa kundi la Mono-ha. Lee Ufan akawa daraja. Aliijua lugha ya wahakiki wa Tokyo na aliwajua wachoraji wa Seoul. Mwaka 1972 alikuwa miongoni mwa waamuzi wa maonyesho ya Seoul ambayo yaliwatoa gizani vijana Lee Dong-youb na Hur Hwang, na picha zao nyeupe. Bila shaka daraja ni kitu chenye manufaa. Lakini waliokuwa wakivuka kuja kuchagua walikuwa ni wenye nyumba za sanaa na wahakiki wa Kijapani, na walichokiona Seoul kilichujwa na walichokuwa wamekwisha kukisoma nyumbani.

Maandishi yaliyoambatana na maonyesho yalitoka pande zote mbili. Kwa upande wa Japani aliandika Nakahara Yusuke, mhakiki mashuhuri aliyekuwa amesimamia maonyesho ya kimataifa ya Tokyo ya 1970. Kwa upande wa Korea aliandika Lee Yil (1932–1997), mhakiki aliyewahi kusoma Paris na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Hongik. Hoja kuu ya Lee Yil ilikuwa kwamba, kwa Wakorea, nyeupe si rangi miongoni mwa rangi. Ni hali ya roho iliyotangulia kuwa rangi, ni namna ya kuuelewa ulimwengu. Hoja hii inasikika kama jibu kwa Yanagi, kwa kuwa hapana machozi ndani yake. Huzuni imeondolewa, mahali pake pamewekwa falsafa.

Je, jibu hilo linatosha? Lee Yil anabadilisha hisia lakini anauacha muundo wa hoja ulivyo. Kama ilivyokuwa kwa Yanagi, weupe bado ni sifa ya taifa zima, bado ni ya kudumu, na bado iko nje ya historia. Wasomaji wa Negritude wanaufahamu mkwamo huu: anayekubali kujibu kashfa kwa kuigeuza kuwa sifa huwa amekubali kwanza kwamba swali liliulizwa vyema. Ni kweli kwamba Lee Yil hakuwa akiandikia watu wa nyumbani peke yao. Aliandika kwa ajili ya hadhira ya Tokyo, mahali ambapo uchoraji wa turubai moja yenye rangi moja ungaliweza kupuuzwa upesi kama mwigo wa Marekani. Kudai asili ya Kikorea kulikuwa kinga. Lakini kinga hiyo ilikuwa na gharama yake, na waliolipa zaidi ni picha zenyewe, ambazo tangu siku ile zimetazamwa kama mifano ya fikra badala ya vitu vilivyofanywa kwa mikono.

Na zikitazamwa kama vitu, umoja wao unalegea. Kwon Young-woo alifunzwa uchoraji wa wino, sanaa ya brashi na karatasi yenye jadi ndefu. Aliuacha wino, akabaki na karatasi. Alitumia hanji, karatasi ya jadi ya Kikorea itengenezwayo kwa maganda ya mti wa jamii ya mforosadi, akiibandika tabaka juu ya tabaka, akiichana na kuitoboa kwa kucha na vidole. Weupe wake haukupakwa. Ni weupe wa karatasi, na kinachoonekana ni majeraha yake. Suh Seung-won alitoka upande mwingine kabisa. Alikuwa mtu wa maumbo ya kijiometri, mistari iliyonyooka na kingo zilizopimwa, na nyeupe kwake ni nafasi ambamo maumbo hayo huonekana kama yanaelea na kuyeyuka. Kwa Hur na Lee Dong-youb, weupe unakaribia kuimeza picha nzima, kiasi kwamba mtazamaji hutafuta kwa shida tofauti ndogo baina ya weupe mmoja na mwingine. Njia hizi nne hazina chanzo kimoja.

Park Seo-bo anadai nafasi ya peke yake katika jarida la fasihi, kwa kuwa kazi yake inahusu uandishi. Mfululizo wake ulioanza mwaka 1967, na ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1973, aliuita kwa Kifaransa Ecriture, na kwa Kikorea Myobop, yaani njia ya kuchora. Kwa maelezo yake mwenyewe, alimwona mwanawe mdogo akijaribu kuandika herufi za Kikorea ndani ya miraba ya daftari. Mtoto alishindwa kuzienea herufi zile mrabani, akafuta, akaandika tena, akafuta, mpaka karatasi ikakunjamana. Hatimaye, kwa hasira, akaichorachora yote kwa penseli. Park aliiga tendo hilo. Aliipaka turubai rangi ya mafuta nyeupe, na kabla haijakauka akaikwaruza kwa penseli, mstari baada ya mstari. Rangi ikaufukia mstari, naye akaukwaruza upya.

Wafuasi wa hoja ya Lee Yil huiona hapa nidhamu ya kujisafisha nafsi, mfano wa mtawa anayerudiarudia sala, na Park mwenyewe alipenda kuisema hivyo. Lakini kisa chake chasema jambo jingine pia, na ni ajabu kwamba halikuzingatiwa sana. Mtoto yule hakuwa akitafakari. Alikuwa akijifunza kuandika lugha yake, herufi ambazo babake alipokuwa na umri wa kwenda shule zilikuwa zikisukumwa nje ya darasa. Na kile ambacho Park alichukua kutoka kwake hakikuwa herufi, bali kushindwa kuziandika. Picha za Ecriture zina kila dalili ya maandishi ila neno: mkono unakwenda, kalamu inaacha alama, mistari inajaza ukurasa kutoka upande hadi upande, na hapana kisemwacho. Ukimya wa aina hii una historia kuliko ukimya wa falsafa ya milele. Weupe ndani yake ni kifutio.

Neno "ukimya" linaturudisha kwenye mwezi wenyewe wa maonyesho. Tarehe 13 Mei 1975, serikali ya Park Chung-hee ilitangaza Amri ya Dharura Nambari 9, iliyoharamisha kuipinga Katiba ya Yushin ya 1972, kudai ibadilishwe, na hata kutangaza habari za wanaoipinga. Mshairi Kim Ji-ha, aliyekuwa amehukumiwa kifo mwaka 1974 kisha adhabu ikapunguzwa, aliachiliwa Februari 1975 na kukamatwa tena mwezi uliofuata. Mojawapo ya makosa yake lilikuwa shairi la 1970 lililowakejeli wezi watano: matajiri wakubwa, wabunge, maafisa wa juu, majenerali na mawaziri. Tarakimu zimeleta kinaya chake: wezi watano walikuwa wakisomwa na kutetewa na wapenda haki mjini Tokyo katika miaka ile ile nyeupe tano zilipotundikwa Ginza.

Kwa wasomaji wa Afrika ya Mashariki, ni Korea ya Kim Ji-ha iliyofika kwanza. Ngũgĩ wa Thiong'o alikwenda Tokyo mwaka 1976 kushiriki katika mkutano kuhusu hali ya Korea Kusini, akaandika juu ya mshairi huyo katika makala zilizochapishwa mwaka 1981, na baadaye akakiri jinsi kazi za Kim, zilizojengwa juu ya mbinu za masimulizi ya jadi ya kuimbwa, zilivyomwonyesha njia alipokuwa akitafuta fani ya riwaya ya Kigĩkũyũ. Riwaya hiyo ni Caitaani Mũtharaba-inĩ ya 1980, inayojulikana kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani, na karamu yake ya wezi na wanyang'anyi ina undugu wa wazi na wezi wa Kim. Korea nyeupe ya Lee Yil haikuwa na msomaji Nairobi. Hili si jambo la kushangaza, kwani lililotafutwa Nairobi wakati ule lilikuwa ni maneno.

Je, wachoraji wa weupe walikuwa wakinyamaza kwa woga, kwa kukataa, au kwa kuwa hawakuwa na la kusema? Kizazi kilichofuata kiliwahukumu kwa ukali. Kundi lililojiita Uhalisi na Usemi, lililoundwa 1979, liliona uchoraji wa rangi moja kuwa sanaa ya wasomi walioipa kisogo jamii; maonyesho yake ya kwanza ya 1980 yalikatiwa umeme na wenye jumba, yakatazamwa kwa mishumaa. Vuguvugu la sanaa ya umma, Minjung, lilikua kutokana na hasira hiyo na kutokana na mauaji ya Gwangju ya Mei 1980, na lilipata maonyesho yake ng'ambo, mjini New York, mwaka 1988. Hukumu ya kizazi hicho haiwezi kupuuzwa, hasa ikikumbukwa kwamba baadhi ya wachoraji dhahania walikubali pia kuichorea serikali picha za historia ya taifa. Lakini kuufanya ukimya wote kuwa mmoja ni kosa lile lile la kuufanya weupe wote kuwa mmoja. Yun Hyong-keun, ambaye hakuwemo Tokyo mwaka 1975, alifungwa mwaka 1973 baada ya kufichua upendeleo katika uandikishaji wa mwanafunzi katika shule alikofundisha. Tangu hapo alichora nguzo nzito za rangi ya udongo na buluu iliyokolea hadi kuwa karibu na weusi. Yeye pia alichora bila kusema. Hapana anayeweza kudai kwamba hakuwa na la kusema.

Lililobaki ni historia ya majina. Mwaka 1992 Tate Liverpool iliwaonyesha Park, Lee Ufan, Yun na wenzao chini ya anwani iliyohusu kufanya kazi na maumbile na fikra za jadi. Weupe uliachwa, lakini Mkorea wa milele akabaki. Kisha likashika nguvu neno dansaekhwa, yaani uchoraji wa rangi moja, ambalo jumba la taifa la sanaa ya kisasa la Korea lililitumia kwa maonyesho makubwa ya 2012. Mwaka 2013 Joan Kee alichapisha kitabu chake, akaliandika neno hilo kwa T na kusisitiza mbinu za kazi zaidi ya roho ya taifa, na huo ndio mkabala wenye manufaa zaidi hadi sasa. Mwaka 2015 neno hilo lilikuwa anwani ya maonyesho yaliyoambatana na yale ya kimataifa ya Venice, katika jumba la Palazzo Contarini-Polignac, wakati ambapo bei za picha hizo zilikuwa zikipanda kwa kasi. Kati ya watano wa Tokyo, waliowakilishwa Venice ni wawili tu, Park na Kwon, na Kwon alikuwa amekwisha kufariki. Suh, Hur na Lee Dong-youb hawakuwemo. Wala halikuwemo neno hinsek. Neno hilo lina sehemu mbili: hin, ambayo ni ya Kikorea asilia, na sek, iliyotoholewa kutoka Kichina. Katika dansaekhwa, ambalo viungo vyake vyote vitatu vina asili ya Kichina, sek ingali imo, katikati, kwa tahajia mpya. Iliyotoka ni hin.